Mali bila daftari hupotea bila habari: maneno kwa familia zinazosumbuliwa na benki

(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa familia mpya. Tumeichapa hapa kwa ajili ya wale ambao zamu za kazi hazikuwaruhusu kufika.)

Ndugu zangu, akina mama, akina baba, na ninyi vijana mliokuja kuwatafsiria wazazi wenu, najua wengine mmetoka kazini moja kwa moja na hamjalala.

Nimeombwa niseme juu ya benki. Wiki iliyopita nilipouliza mnataka tuzungumze nini hasa, hakuna aliyeniuliza jinsi ya kufungua akaunti. Wote mlileta malalamiko. Mmoja cheki yake ya kazi imeshikiliwa. Mwingine amekatwa pesa na haelewi kwa nini. Mwingine akaunti yake imefungwa na hajaambiwa sababu. Mama mmoja akasema, "Mimi nitarudisha pesa zangu chini ya godoro. Godoro halijawahi kuniomba kitambulisho." Tukacheka. Lakini neno lile si la mzaha, na nataka nianze nalo.

Sisi tunaotoka Kongo tuna sababu za kuogopa benki. Wazee waliopo hapa wanakumbuka mwaka 1993, wakati zaire milioni 3 za zamani zilipogeuzwa kuwa zaire mpya 1. Watu walikuwa na akiba, wakaamka hawana kitu. Kisha wengi wetu tukaishi kambini miaka mingi, na huko pesa zilipitia kwa wakala wa simu. Wakala anakujua. Anajua wewe ni mama wa nani, unakaa mtaa gani. Kukiwa na tatizo, unarudi kibandani kwake mnazungumza, yanaisha.

Benki ya hapa Marekani haikujui hivyo. Inajua karatasi zako tu. Yule binti anayetabasamu dirishani huenda ana roho nzuri, lakini anayeamua ni mashine, nayo inasoma jina, tarehe, anwani na namba. Karatasi zikipatana, pesa zinapita. Zisipopatana, pesa zinasimama, hata uwe mtu mwaminifu kuliko wote hapa mjini. Kwa hiyo nikiwaambia jambo moja tu leo, ni hili: benki ikikusumbua, usidhani imekuhukumu wewe. Tafuta ni karatasi gani haikupatana, na dai jibu lako kwa maandishi. Hasira ni haki yako, lakini karatasi ndiyo itakayorudisha pesa.

Jina lako na tarehe yako

Tuanze na mlango wenyewe. Tangu sheria iliyopitishwa mwaka 2001, kila benki hapa lazima ipate mambo manne kabla ya kukufungulia akaunti: jina, tarehe ya kuzaliwa, anwani, na namba ya utambulisho, kwa kawaida namba yako ya soshali. Mambo manne tu, lakini kwetu sisi kila moja lina mtego.

Jina. Sisi tuna jina letu, jina la ubatizo au la Kiislamu, na pengine jina la baba au la babu. Kwenye I-94 limeandikwa kwa mpangilio mmoja, kwenye kadi ya soshali mwingine, na kazini wamekuandika wanavyosikia. Kwa mashine, hao ni watu watatu. Leo usiku weka karatasi zako zote mezani, ulinganishe jina herufi kwa herufi. Ukiona tofauti, mwambie mfanyakazi wako wa kesi mapema, kabla tatizo halijakukuta dirishani.

Tarehe. Wengi wetu tumeandikwa tarehe 1 Januari, baba, mama na watoto wote. Karani akishangaa, usione aibu. Mwambie hiyo ndiyo tarehe iliyoandikwa kwenye karatasi zako za serikali, basi. Usimpe tarehe nyingine ambayo mama yako alikuambia, hata kama ndiyo ya kweli.

Kisha kuna maswali ya siri. Benki nyingi hupenda kuuliza jina la mama yako kabla ya kuolewa. Kwetu mama haachi jina lake, kwa hiyo mtu anabaki kujiuliza aandike nini. Andika jina lolote la mama, lakini liandike vilevile kwenye daftari lako, herufi zilezile. Siku utakapopiga simu una shida, hilo ndilo watakalokuuliza, na ukikosea wanaweza kukata simu.

Cheki ikishikiliwa

Mimi mwenyewe lilinikuta mwaka wangu wa pili hapa, nikifanya kazi kiwanda cha kuku. Ofisi ya kiwanda iliniandika jina la baba mbele na langu nyuma. Nikaweka cheki benki, pesa hazikutokea. Nikapiga simu, nikaambiwa "inachunguzwa." Kesho yake hivyohivyo. Kodi ya nyumba ilikuwa karibu, na nyumbani kulikuwa na watoto wanne.

Nilichukua I-94, kadi ya soshali na karatasi ya mshahara. Nikaomba kiwandani barua fupi inayosema majina yale mawili ni ya mtu mmoja. Nikaenda tawini, nikaketi mbele ya meneja na kusema maneno mawili: "Naomba sababu kwa maandishi. Naomba tarehe pesa zitakapotoka." Nikapewa karatasi. Karatasi ile nikampelekea mwenye nyumba, akaisoma, akakubali kungoja bila kunitoza faini. Pesa zilitoka siku ya tisa. Hakuna aliyeniomba radhi. Lakini hatukutolewa nyumba.

Sasa jueni sheria inavyosema. Kwa kawaida, ukiweka cheki, dola 275 za kwanza zinapaswa kupatikana siku ya kazi inayofuata. Kiasi hiki kilipandishwa Julai 2025. Zamani kilikuwa 225. Zinazobaki kwa kawaida hutoka siku ya kazi ya pili. Lakini akaunti ikiwa mpya, ndani ya siku 30 za kwanza, benki inaruhusiwa kuchelewesha zaidi, na hapo ndipo wengi wenu mnapoumia, kwa sababu wote mna akaunti mpya. Ikiamua kushikilia cheki kuliko kawaida kwa sababu ina shaka nayo, inapaswa kukupa taarifa ya maandishi yenye sababu na tarehe. Karatasi hiyo ni haki yako, hawakupi kwa hisani.

Dawa kubwa zaidi ni kuomba kazini mshahara uingizwe moja kwa moja kwenye akaunti, usipewe cheki. Pesa zinazoingia kwa njia hiyo hazishikiliwi kama cheki.

Makato usiyoyaelewa

Hili ndilo lililowaliza wengi. Chukua mfano. Kwenye akaunti una dola 20. Unanunua nepi za dola 25, kadi inakubali. Unashukuru. Jioni unanunua mkate na maziwa, kadi inakubali. Kesho unaweka mafuta ya gari, inakubali. Wewe unasema benki ina huruma. Wiki ijayo unaona umetozwa dola 35 mara tatu, jumla dola 105. Benki haikukuhurumia, ilikukopesha kwa nguvu na kukutoza ada kila mara. Wenyewe wanaita ovadrafti. Siku hizi baadhi ya benki zimepunguza au kufuta ada hiyo, lakini si zote, kwa hiyo uliza ya kwako.

Sikilizeni vizuri hapa. Tangu mwaka 2010, benki hairuhusiwi kukutoza ada hii kwa ununuzi wa kawaida wa kadi au kwa mashine ya kutolea pesa mpaka wewe mwenyewe ukubali. Wengi mlikubali siku ya kufungua akaunti bila kujua, kwa sababu karani aliuliza, "Unataka kadi ikulinde pesa zikipungua?" Nani atakataa kulindwa? Rudi tawini useme, "Naomba kuondoa ovadrafti kwenye kadi yangu." Unaruhusiwa kuiondoa siku yoyote. Baada ya hapo pesa zisipotosha kadi itakataliwa. Utaona haya kidogo mbele ya muuza duka, lakini hutalipa dola 35 kwa mkate wa dola 3.

Tahadhari moja: sheria hiyo haihusu cheki ulizoandika wala malipo yanayojikata yenyewe, kama bima ya gari au simu. Hayo yapange yakatwe siku mbili tatu baada ya mshahara, si kabla.

Na kama umeshakatwa, usinyamaze. Piga simu, uombe kwa upole warudishe. Mara ya kwanza benki nyingi hurudisha, lakini kwa anayeomba.

Likelemba, na akaunti inayofungwa

Likelemba yetu, au chama kwa ndugu wa Kenya, au kikoba kwa wa Tanzania, ni kitu kizuri na hakivunji sheria. Lakini hebu jitazame kwa macho ya mashine. Akaunti ya mama anayelipwa dola 600 kwa wiki. Ghafla ndani ya siku moja zinaingia pesa kutoka kwa watu kumi na mmoja, kisha zote zinatoka mara moja. Wewe unaona zamu ya mama fulani imefika. Mashine inaona mwizi. Inafunga.

Basi fanyeni hivi. Wekeni daftari la likelemba lenye majina, tarehe na kiasi. Mwenye kukusanya aende tawini mapema aeleze desturi hii, na asitumie akaunti ileile inayopokea mshahara. Hata ikifungwa, chakula cha watoto kitakuwa salama upande mwingine.

Jambo la pili, na hili ni zito. Mtu akiweka au kutoa pesa taslimu zinazozidi dola 10,000 kwa siku, benki inalazimika kuandika taarifa serikalini. Taarifa hiyo si mashtaka. Ni karatasi ya kawaida, hata wenye maduka huandikiwa. Lakini ukizigawa makusudi, leo 4,000, kesho 4,000, keshokutwa 4,000, ili taarifa isiandikwe, hapo umetenda kosa la jinai, hata kama pesa zenyewe ni halali kabisa. Kwa hiyo usigawe kwa hofu. Weka zote mara moja, toa kitambulisho, sema zimetoka wapi, nenda nyumbani ukalale.

Na jina je? Tangu mwaka 2006 Marekani imekuwa na orodha ya watu waliowekewa vikwazo kwa sababu ya vita vya Kongo. Benki lazima zilinganishe majina na orodha kama hizo. Jina lako likifanana na la mtu aliye humo, au la ndugu unayemtumia, pesa zinaweza kusimama mpaka mtu aangalie. Hapo tena, kitambulisho chenye tarehe ya kuzaliwa ndicho kinachokutofautisha.

Benki ikifunga akaunti yako kabisa, huenda isikwambie sababu, na kuna taarifa ambazo sheria yenyewe inaikataza kukueleza. Usipoteze nguvu zako hapo. Uliza maswali matatu: pesa zangu zilizobaki ziko wapi, nitazipata lini, na mtazituma anwani gani? Mara nyingi hutumwa kwa cheki kwenye anwani waliyonayo. Na sisi tunahama sana! Kuna cheki ngapi zimekwenda kwenye nyumba tulizohama? Kila unapohama, badilisha anwani benki na posta wiki hiyohiyo. Pesa zisizochukuliwa kwa muda mrefu hupelekwa kwenye serikali ya jimbo, na huko mwenyewe anaweza kuzidai, hata baada ya miaka.

Kama akaunti imefungwa ikiwa chini ya sifuri, lipa deni hilo hata kidogo kidogo. Kuna daftari ambalo benki nyingi husoma kabla ya kumpokea mteja mpya, linaitwa ChexSystems, na deni linaweza kukaa humo miaka 5. Una haki ya kuomba nakala ya taarifa zako humo bure mara moja kwa mwaka, na kupinga lililo uongo.

Pesa za nyumbani

Hakuna kinachouma kama pesa za nyumbani kukwama. Mama mmoja kati yetu alituma dola 200 Kampala, dada yake alikuwa hospitali akisubiri upasuaji. Jina aliliandika sawa kwenye fomu. Karani aliyeingiza kwenye kompyuta akakosea herufi moja. Kule dada akaambiwa kitambulisho hakilingani. Huku mama akaambiwa pesa "zimeshatumwa." Siku nne anahangaika, ikabidi akope likelemba atume nyingine. Aliyemwokoa ni risiti. Alikuwa ameitunza pamoja na nakala ya fomu, tukaandika malalamiko, pesa zikarudi na ada yake.

Sheria inamlinda mtumaji hapa. Kabla hujalipa, wanapaswa kukuonyesha kwa maandishi kiwango cha kubadilisha fedha, ada, na kiasi atakachopokea ndugu yako. Ukishalipa una dakika 30 za kufuta, mradi pesa hazijachukuliwa. Kwa hiyo dakika hizo usiziache zipite ukiwa njiani. Simama palepale dukani, soma risiti, mpigie ndugu yako umsomee jina herufi kwa herufi. Likitokea kosa, una siku 180 za kulalamika, na wao wana siku 90 za kuchunguza.

Anayekupigia akisema ni benki

Akikupigia mtu, hata kwa Kiswahili kizuri, akasema, "Akaunti yako ina tatizo, nisomee namba iliyoingia kwenye simu yako," huyo ni mwizi. Namba hiyo ni ufunguo. Kata simu, kisha piga wewe mwenyewe namba iliyoandikwa nyuma ya kadi yako.

Kadi ikipotea au pesa zikichukuliwa bila wewe kuruhusu, wahi. Ukitoa taarifa ndani ya siku 2 za kazi tangu ujue kadi imepotea, hasara yako haizidi dola 50. Ukichelewa inaweza kufika 500. Na zikipita siku 60 tangu upewe taarifa ya akaunti iliyoonyesha wizi huo nawe hujasema, pesa zitakazochukuliwa baada ya hapo unaweza kukosa zote. Benki ina siku 10 za kazi kuchunguza, na kwa akaunti mpya 20. Ikitaka muda zaidi, kwa kawaida inapaswa kukurudishia pesa hizo wakati inaendelea. Lakini ukizituma kwa mkono wako mwenyewe kwa kudanganywa, kuzirudisha ni vigumu sana. Vijana, hili waelezeni wazee wenu kila wiki.

Namna ya kulalamika

Sasa ngazi za kupanda. Ya kwanza ni tawi: omba meneja, omba mkalimani, na kama hawana, njoo kwetu tupange siku ya kwenda pamoja. Usimpe mtoto wa miaka kumi kazi ya kutafsiri shida za pesa. Atabeba mzigo usio wake, na neno moja akilikosea litawagharimu.

Ya pili ni barua: jina lako, tarehe, kilichotokea, unachotaka wafanye. Mistari mitano inatosha. Baki na nakala.

Ya tatu ni serikali. Iko ofisi ya kuwalinda watumiaji wa huduma za fedha, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2010. Unaweza kuandika malalamiko kwenye consumerfinance.gov au kupiga 855-411-2372 na kuomba mkalimani. Wao huyapeleka kwa benki na kuitaka ijibu. Nimeona benki iliyonyamaza miezi miwili ikijibu baada ya hapo.

Najua kinachowazuia. Si lugha tu. Tulikotoka, kumlalamikia mkubwa ni kujitafutia matatizo. Mnaogopa mkidai dola 105 mtaonekana watu wabaya, na kadi ya kijani itachelewa. Hapana. Kudai haki yako benki si kosa, na fomu ya kuomba uraia haina swali la kama uliwahi kuilalamikia benki.

Na benki ikikushinda, hama, usirudi kwenye godoro. Viko vyama vya kuweka na kukopa, mfano wa SACCOS zetu, ambavyo ni vya wanachama na mara nyingi ada zao ni ndogo. Katika benki na katika vyama hivyo vilivyosajiliwa kwenye bima ya serikali, akiba yako inalindwa mpaka dola 250,000 hata taasisi ikianguka. Godoro halina bima. Nyumba ikiungua au mwizi akiingia, hakuna wa kumwandikia barua. Na maduka yanayobadilisha cheki kuwa pesa taslimu hukata sehemu ya mshahara wako kila wiki, mwaka mzima.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mlangoni kuna madaftari, kila familia ichukue moja. Ukurasa wa kwanza andika jina lako kama lilivyo kwenye kadi ya soshali, na jibu la swali la siri. Usiandike namba ya siri ya kadi. Kurasa zinazofuata, kila ukiongea na benki, andika tarehe, saa, jina la uliyeongea naye, na alichosema. Daftari likae nyumbani, lisizunguke kwenye mkoba.

Wenye cheki zilizoshikiliwa na akaunti zilizofungwa, msiondoke bado. Leteni karatasi zenu kwenye meza ile ya nyuma tuanze kuandika barua leo leo.